Kwa nini Ramadhani hurudi nyuma, Pasaka huenda na kurudi, na Krismasi imetulia?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeingia juma moja. Darasani kwangu watoto wengine walikuja na majivu kwenye paji la uso, wenzao wanajiandaa kufunga, na ubishi ukaanza. Mmoja anasema Waislamu wanarudisha mwaka nyuma. Mwingine anasema Wakristo wanajipangia Pasaka wanavyotaka. Wa tatu akauliza mbona Krismasi haihami. Niliwaambia nitawajibu kesho, na hiyo kesho bado haijafika. Nani mwenye hesabu sahihi? Na je, upo mwaka ambao Idd na Krismasi zitagongana?

JIBU: Mwalimu, watoto wako wote watatu wameona jambo la kweli. Ramadhani hurudi nyuma, Pasaka huhama, Krismasi imetulia. Walipoteleza ni kudhani kwamba kuna mtu anayezisogeza. Kila dini iliamua zamani, kati ya jua na mwezi, nani awe na kauli ya mwisho. Tangu hapo tarehe zinajipanga zenyewe, na si sheikh wala padri mwenye uwezo wa kuzisogeza hata kwa wiki moja.

Tuanze na namba. Kutoka mwandamo hadi mwandamo zinapita siku 29 na nusu na kidogo, yaani 29.53. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, hauna 28 wala 31. Ukizidisha kwa 12 unapata siku 354. Misimu nayo, masika hadi masika, kaskazi hadi kaskazi, hufuata jua, na mzunguko wake ni siku 365 na karibu robo. Pengo ni siku 11. Waandikie ubaoni hizo namba tatu, 354, 365 na 11, kabla hujataja dini yoyote, na nusu ya ugomvi itaisha hapo hapo. Kila jamii inayofuata mwezi imelazimika kujibu swali moja: siku hizo 11 tuzifanye nini?

Uislamu ulijibu: msizifanye kitu. Na haukujibu hivyo kwa kutojua. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na desturi iitwayo nasii, ya kuahirisha miezi. Ilihusu hasa ile miezi minne mitakatifu ambayo ndani yake vita vilikatazwa. Mwenye mamlaka ya kuusogeza mwezi angeweza kupigana leo na kudai kwamba mwezi mtakatifu bado haujaingia. Sura ya Tawba, aya ya 36, inasema idadi ya miezi mbele ya Mwenyezi Mungu ni 12, na minne kati yake ni mitakatifu. Aya ya 37 inaikemea nasii kwa maneno makali. Mtume akalirudia jambo hilo katika hotuba ya Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, ambao ni 632 Miladia. Kwa hiyo mwezi wa 13 hauna nafasi katika kalenda ya Kiislamu. Mtoto anayesema Waislamu wanarudisha mwaka nyuma ameligeuza jambo kichwa chini miguu juu: wao ndio waliokataa kuugusa.

Matokeo yake, Ramadhani hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladia, na baada ya miaka 32 hivi inakuwa imeizunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia. Wazazi wa watoto wako waliokuwa shuleni mwaka 1993 waliona haya haya: Jumatano ya Majivu ilikuwa 24 Februari, na Ramadhani ikaandama juma lile lile. Katikati ya hapo Ramadhani imepita Desemba, Oktoba, Agosti, Juni na Mei. Mwaka 1997 iliingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni kabisa mwa Desemba. Mwaka 2030 itafanya hivyo tena.

Kwetu karibu na ikweta mzunguko huu hauumi sana. Mchana wa Tanga haubadiliki kwa kiasi cha kutisha, na mfungaji hukaa saa 13 na kitu, iwe Juni au Desemba; kinachobadilika ni joto la kaskazi na ubaridi wa kusi. Lakini ndugu yetu aliyehamia London hukaa zaidi ya saa 18 Ramadhani ikiangukia Juni, na chini ya saa 11 ikiangukia Desemba. Kama mwezi ungepigiliwa msumari kwenye Juni, watu wa kaskazini ya dunia wangebeba saumu ndefu maisha yao yote na watu wa kusini wangebeba fupi. Wahubiri wengi wa leo hupenda kuitaja hiyo kama hekima ya mzunguko. Aya zenyewe hazisemi hivyo, ila ndivyo inavyotokea.

Sasa ujiandae, maana mtoto mjanja atakuuliza: mbona hata Waislamu wenyewe hawafungi siku moja?

Jioni ya tarehe 29 ya Shaabani, mwezi unaoitangulia Ramadhani, watu hutazama upande wa magharibi jua linapotua. Kila siku mwezi huachana na jua kwa nyuzi 12 hivi, na hutua kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Mwezi uliozaliwa angani mchana wa leo, jioni hii bado umeng'ang'ana na jua. Ni mwembamba mno na unazama mara baada yake. Mwaka huu, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, mwezi ulizaliwa saa tisa alasiri ya 17 Februari. Jua lilipotua Tanga jioni hiyo, mwezi ulikuwa na umri wa saa tatu na nusu hivi, na kwa umri huo hakuna jicho la mtu linaloweza kuuona. Jioni ya 18 ndipo ulipoweza kutafutwa kwa matumaini. Ongeza mawingu. Ramadhani inapoangukia Machi hadi Mei, pwani yetu iko kwenye masika, na mara nyingi hakuna la kufanya ila kukamilisha 30 za Shaabani.

Wengi hudhani tofauti yetu na Makka ni ya saa. Siyo. Makka na Tanga ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini kwenda kusini, na saa zake ni zile zile. Tofauti ni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na ina umri mkubwa. Katika Sahihi ya Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, kuna habari ya Kuraybu, aliyetumwa kwenda Sham, yaani upande wa Siria, enzi za mtawala Muawiya. Mwezi wa Ramadhani ukaonekana huko usiku wa Ijumaa (kwa lugha ya leo, Alhamisi baada ya magharibi, maana siku huanzia magharibi). Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas, binamu yake Mtume, akamwuliza waliuona lini, kisha akasema: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize 30 au tuuone. Kuraybu akauliza kama haitoshi kwamba Muawiya ameuona na kufunga. Ibn Abbas akasema hapana, hivyo ndivyo Mtume alivyotuamuru.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu tangu zamani, walishika hapo: kila eneo na mwandamo wake. Wengi katika madhehebu mengine walisema ukionekana popote, unawatosha wote. Kwa hiyo unapomsikia Mufti wa Tanzania au Kadhi Mkuu wa Kenya akisubiri taarifa za mwandamo wa hapa, na msikiti wa pili ukiwa umeshafungua kwa kufuata mwandamo wa nchi nyingine, ujue wote wawili wana kitabu cha kukufungulia. Na Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa hawatazami mwezi kabisa. Wanafuata kalenda ya kuhesabu waliyoirithi kutoka kwa Mafatimi, watawala wa zamani wa Misri, yenye miaka 11 ya siku 355 katika kila miaka 30, ndiyo maana mara nyingi wanatangulia siku moja au mbili. Hawakuwahi kuchelewa kwa sababu ya mawingu, hilo lazima tuwape.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya shule hulipita, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Kalenda ya mwezi haimsaidii mkulima wala baharia. Huwezi kusema kaskazi huanza Rajabu, maana Rajabu ya mwaka huu si ya miaka kumi ijayo. Waswahili, Waislamu kwelikweli, wakawa na kalenda ya pili ya jua: ya Nairuzi, yenye asili ya Uajemi, ya siku 365, iliyogawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku. Saumu na Idd kwa mwezi. Kulima, kuvua na kusafiri kwa mwongo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaadhimisha kuingia kwa mwaka huo kila Julai: Mwaka Kogwa, wanaume wanatwangana kwa mabua ya migomba na kibanda kinachomwa moto. Kwa hiyo mtu wa pwani hajawahi kuwa wa kalenda moja. Babu zetu waliendesha mbili kwa wakati mmoja bila kubishana.

Wayahudi walikabidhiwa tatizo gumu zaidi, kwa sababu Torati inawadai vyote viwili. Miezi yao ni ya mwandamo, lakini Pasaka yao lazima iwe katika mwezi wa Abibu, msimu ambao shayiri inatoa masuke. Kutoka 13 na Kumbukumbu la Torati 16 zinasema wazi. Ukiacha siku 11 ziteleze, baada ya miaka michache Pasaka inaangukia baridi kali na shayiri hakuna. Dawa yao ni mwezi wa 13, unaoongezwa mara 7 katika kila miaka 19. Hesabu hii ni ya ajabu: miaka 19 ya jua na miezi 235 ya mwandamo zinapishana kwa saa mbili tu. Wababeli waliijua, Meton wa Athens akaitangaza kwa Wagiriki, na Wayahudi wanaiendesha hadi leo. Hata Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa karibu na Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanasubiri mwezi huo huo wa ziada.

Ukitaka mfano mmoja wa kuwaonyesha watoto njia hizi mbili zinavyoachana, chukua Ashura. Imepokewa kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wamefunga siku ya Ashura kwa kukumbuka kuokolewa kwa Musa, naye akafunga na kuwaamuru watu wafunge. Baadhi ya wanahistoria huihusisha saumu hiyo na Yom Kippur, siku ya toba, ambayo ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri. Ashura ni tarehe 10 ya Muharram, Mfunguo Nne wetu. Leo Yom Kippur haitoki nje ya Septemba na Oktoba, lakini Ashura inazunguka mwaka mzima. Kilichozitenganisha ni ule mwezi wa 13 peke yake.

Sasa Pasaka ya Wakristo. Injili zinaweka kifo cha Yesu katika siku za Pasaka ya Kiyahudi, na ufufuko siku ya kwanza ya juma. Kanisa la mwanzo likagawanyika: Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha tarehe 14 Nisani (ndio ule mwezi wa Abibu) hata ikiwa Jumanne, wengine wakasisitiza Jumapili. Karibu na mwaka 190 Viktori, askofu wa Roma, alitaka kuwatenga wale wa Asia, na Ireneo wa Lyon akamsihi asivunje amani kwa ajili ya siku. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, ukaamua kwamba Wakristo wote waadhimishe pamoja, kwa hesabu yao wenyewe, bila kusubiri Wayahudi watangaze. Kanuni iliyotulia baada ya hapo ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baadaye. Ndiyo maana haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Kwaresima inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo, siku 46, yaani siku 40 za mfungo na Jumapili 6 ambazo hazihesabiwi, maana kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko.

Hapa ndipo pa kuwajibu watoto kwa miaka hii mitatu iliyo mbele yao. Mwaka 2026 mwezi mpevu wa Pasaka ni 2 Aprili, Alhamisi. Pasaka ni Jumapili 5 Aprili, na Majivu yalikuwa 18 Februari. Mwaka 2027 mwezi mpevu umerudi nyuma siku 11, hadi 22 Machi. Pasaka ni 28 Machi, Majivu 10 Februari. Ramadhani nayo imerudi nyuma vilevile, hadi 8 Februari hivi, kwa hiyo zitaingia juma moja tena. Wanasafiri pamoja kwa sababu wote wawili wanafuata mwezi ule ule. Kisha 2028. Mwezi mpevu ukirudi nyuma siku 11 nyingine unafika 11 Machi, lakini kanuni inakataa: bado 21 Machi haijafika. Pasaka inalazimika kuruka hadi mwezi mpevu unaofuata, 10 Aprili, na inakuwa 16 Aprili. Majivu yanaangukia 1 Machi. Ramadhani haina ukuta wa kuizuia, inaendelea zake hadi mwishoni mwa Januari, na Idd itakuwa imeshasherehekewa siku chache kabla ya watu kupakwa majivu. Hapo ndipo wanapoachana. Kwa hesabu, watakuja kuingia juma moja tena Machi 2057, watoto wako wakiwa na watoto wao shuleni.

Kwa hiyo yule anayesema Wakristo wanajipangia, mwambie hata Papa anaisoma tarehe kwenye jedwali. Mwezi mpevu wa Kanisa si ule unaoonekana kwa macho, ni wa jedwali lililokokotolewa na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 1582, Papa Gregori wa 13 alipofuta siku 10: Alhamisi 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa 15 Oktoba.

Na hapo Wakristo nao wakapata ugomvi wao wa mwandamo, ila kwa kuwa wengi wetu tuko upande mmoja hatuuoni. Makanisa ya Kiorthodoksi hayakuifuata hesabu mpya kwa Pasaka. Tarehe 21 Machi ya kalenda ya zamani ni 3 Aprili yetu, na jedwali lao la mwezi limechelewa kwa siku chache zaidi. Waorthodoksi wa Kagera, Kenya na Uganda, walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, wana Krismasi pamoja na Wakatoliki 25 Desemba, lakini mwaka huu Pasaka yao ni 12 Aprili, wiki moja baadaye. Mwaka 2027 itakuwa 2 Mei, wiki tano baadaye. Mwaka 2025 wote waliadhimisha 20 Aprili. Ilitokea tu, na ilikuwa miaka 1,700 tangu Nikea. Januari ya mwaka huo Papa Fransisko alisema Kanisa Katoliki liko tayari kukubali tarehe ya pamoja. Makubaliano hayajapatikana. Ukizisikiliza hoja zao, kama tuone au tuhesabu, na kama kuona kwa nani kunatosha, utadhani uko kwenye kikao cha mwandamo wa Idd.

Tahadhari moja ya darasani: usiwaambie watoto kwamba “Wakristo wote” wako Kwaresima. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, ndiyo. Wasabato hawaishiki, na makanisa mengi ya Kipentekoste vilevile. Mtoto wa familia hiyo asijione ana kasoro kwa kuja bila majivu.

Krismasi haina mengi. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu. Roma ilikuwa ikiadhimisha 25 Desemba kufikia mwaka 336, kwa kalenda ya jua ya Kirumi, na tarehe ya kalenda ya jua haina pa kwenda. Waethiopia wana 7 Januari kwa sababu hesabu yao ya jua ni ile ya zamani. Maulidi, kwa upande mwingine, ni tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mwezi wa mwandamo, na kwa hiyo inarudi nyuma kama Ramadhani. Tofauti ya Krismasi na Maulidi haina kisa zaidi ya hicho.

Kama una mtoto wa Kihindu darasani, Diwali iko upande wa Wayahudi: ni usiku wa mwezi kufa, Oktoba au Novemba, na kila baada ya miaka mitatu hivi Wahindu wanaongeza mwezi uitwao adhik. Mwaka huu umeangukia kati ya 17 Mei na katikati ya Juni, ndiyo maana Diwali iliyokuwa 20 Oktoba 2025 itakuwa 8 Novemba 2026 badala ya kurudi nyuma. Nao hubishana: mwaka 2024 wengine waliwasha taa 31 Oktoba, wengine 1 Novemba, kwa sababu mwezi ulikufa katikati ya siku mbili. Wabahai, ambao hekalu lao kubwa la Afrika liko Kampala tangu 1961, waliachana na mwezi katika kuhesabu mwaka na saumu. Mwaka wao ni wa miezi 19 ya siku 19, ukijaziwa siku nne au tano, na saumu yao ya siku 19 iko Machi daima, ikiishia kwenye Nauruzi. Ni neno lile lile la Makunduchi.

Uliuliza nani mwenye hesabu sahihi. Kalenda ya Gregori inalifuata jua kwa kupotea siku moja tu katika miaka elfu tatu hivi. Kalenda ya Kiislamu inaufuata mwezi bila kupotea kabisa, kwa sababu kila mwezi inaanza upya na mwezi wenyewe. Ya Kiyahudi inafuata vyote viwili, kwa gharama ya mwaka ambao mara una miezi 12, mara 13. Mtu akikuambia ya mwenzake ni mbovu, muulize kwanza inapima nini.

Na Idd na Krismasi. Mwaka 2000 zilikaribiana, Idd el-Fitri ikiwa 27 Desemba. Mwaka 2033 Idd el-Fitri itakuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na 23 Desemba. Idd Kubwa nayo itafika karibu na 26 Desemba mwaka 2039. Kuangukia siku ile ile ya 25 si jambo la kuahidi kwa kalamu. Pale ambapo hesabu inatofautiana kwa siku moja, jawabu litatoka jioni ya tarehe 29, watu wakiwa wamesimama wanatazama magharibi. Likizo ya shule itakuwa imeshaanza kwa wote.